Nuru hazubai, shoga

Shoga yangu, habari za siku? Huku wazima, mafua tu ya watoto. Ya mchango wa harusi ya Zuhura tutaongea kwa simu, leo nina jambo moja limeninyima usingizi.

Ulivyoniandikia kwamba Nuru anakatika katikati ya maneno, anakodoa macho kidogo halafu anaendelea kama hakuna kitu, na mwalimu kamfinya eti anazubaa, nilishtuka maana nilishasoma habari kama hiyo. Kuna daktari wa Uswisi, Tissot wa Lausanne, mwaka 1770 alitoa kitabu kizima cha kifafa, na humo yumo binti wa miaka 14. Kuanguka alikuwa anaanguka, lakini katikati hapo vinamjia vile vidogovidogo, anaongea, ghafla fahamu hana, macho yanachezacheza kidogo tu, akizinduka anamalizia maneno yaleyale aliyoyakatisha, siku nyingine kashayasahau. Si ndo Nuru mtupu huyo? Zaidi ya miaka 250 iliyopita mtu alimwangalia mtoto vizuri akasema hiki nacho ni kifafa, leo mwenetu anafinywa!

Dawa ndo walikuwa hawana, maskini. Tissot alitegemea mizizi ya valeriani. London, 1719, tabibu Colbatch alisifia ule mmea unaoota juu ya matawi ya miti mingine. Watoto walitolewa damu, wengine walichanjwa ufizi kwa kudhani meno yanayoota ndo yanaleta. Na Mead, tabibu wa hukohuko London, 1704 aliandika kwamba mwezi unachangia, kama bibi yako na habari zake za mwezi kuandama. Mpaka 1857 tabibu Mwingereza, Locock, alipoeleza habari za bromidi, aina ya chumvi ya dawa, ndo ikaanza kupatikana dawa inayoshika kweli. Nawafikiria wale mama, mtoto mapajani, ufizi unavuja damu, na kesho yake anaanguka tena. Wewe dawa zipo hospitali, shoga, mimi sio daktari lakini nakuomba mpeleke wiki hii hii.

Kwani kwa siku inamtokea mara ngapi? Usiku je? Baba yake umemwambia au bado unaogopa? Ile hirizi ya shangazi ndo mnayoitegemea mpaka leo? Unaweza kumrekodi kwa simu ikimtokea, daktari aone mwenyewe? Na nauli, nikutumie leo au kesho asubuhi?

Wako,
Mama Salma