Barua kwa vijana wa riadha wa vyuo vikuu vya Unguja na Pemba

Wanangu, assalamu alaykum.

Juzi baada ya alasiri nilipita uwanjani nikawakuta baadhi yenu mnapokezana kijiti. Kijiti chenyewe kipande cha bomba la maji, kimezungushiwa utepe mwekundu. Nikacheka peke yangu, maana chetu sisi kilikuwa mpini wa fagio. Nikamuuliza aliyemaliza: rikodi ya chuo chenu ya mita 400 mara nne ni dakika ngapi? Akawatazama wenzake. Hakuna aliyejua.

Suleiman Nyambui mnamsikia, medali ya fedha ya mita 5,000 kule Moscow, 1980. Basi wakati ule alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas cha El Paso, mji wa jangwani mpakani na Mexico. (Marekani wenyewe waliisusa michezo ile, mwanafunzi wao akaenda na bendera yetu.) Ubingwa wa vyuo vya Marekani wa mita 10,000 aliuchukua miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Gidamis Shahanga, mshindi wa marathoni ya Jumuiya ya Madola 1978, naye alisoma na kukimbia hapo hapo. Mimi mzee wa Jang'ombe, Marekani sijafika, nimeyajuaje? Kule waliandika: nani, siku gani, muda gani. Kijana wa mwaka uliofuata akiingia, anaukuta muda wa kuufukuza.

Sisi tulikuwa na kauntabuku. Miaka mingi niliijaza kwa mkono wangu, kisha ofisi ikahamishwa wakati wa likizo, kabati likatolewa, makaratasi yakaenda yalikokwenda. Siku moja nikanunua njugu njiani. Kikaratasi kilichofungiwa kina mwandiko wangu: "Mita 800, 2:0", palipobaki pamechanika. Jina la mkimbiaji halipo, na mimi simkumbuki. Aliyeyatoa simlaumu sana. Nakala ya pili sikuweka.

Chuoni watu hupita. Miaka mitatu, minne, mkimbiaji kaondoka na miguu yake na kumbukumbu zake, na anayekuja anaanza sifuri. Kwa hiyo andikeni. Mwandikeni na wa mwisho, kwani mwakani huenda akawa wa kwanza. Semeni mlikimbia wapi, muda wa uwanja wa mchanga si sawa na wa Amaan. Ramadhani, aliyekimbia amefunga aandikiwe hivyo. Wasichana wawe na kurasa zao kamili, si mistari miwili nyuma ya jalada. Na sekunde 58 na nukta 6 isigeuke 58 kwa sababu mkimbiaji ni rafiki yako. Hapo daftari zima litakuwa la uongo. Kila mwisho wa muhula toeni nakala, moja ikae maktaba.

Kauntabuku mpya nimeshanunua na mistari ya ukurasa wa kwanza nimepiga. Mmoja wenu aje kuichukua baada ya isha, aulize nyumba ya mwalimu wa mbio. Kile kikaratasi cha njugu nimekigandisha ndani ya jalada. Mwenye mbio zile kama yu hai, aje aniambie sekunde zilizochanika.

Mwalimu wenu mstaafu,
Jang'ombe, Unguja