Shija, Suti Usizigawe Kwanza

Sinza, Dar es Salaam
9 Septemba 2025

Ndugu yangu Shija,

Salaam nyingi kutoka huku kwenye joto. Sisi wazima, watoto wanasoma, na mama watoto anakusalimu.

Ujumbe wako nimeupata. Unasema ofisi yenu imefuta tai, meneja mpya anaingia kazini na raba nyeupe, na nyote mmegawiwa tisheti za rangi ya chungwa zenye nembo kifuani. Kwa hiyo unataka kumpa shemeji yako suti zote, ubakize moja ya harusi na misiba. Jambo kama hili sikutaka kulijibu kwenye simu kwa vidole gumba. Kwa kifupi, usizigawe. Kwa kirefu, endelea kusoma. Muda unao, si mmeambiwa sasa ni mwendo wa kujiachia?

Nianze na hizo tisheti, maana umeziandikia kama mtu aliyefunguliwa minyororo. Mimi naona mmevishwa sare. Ulipokuwa ukivaa suti, rangi ulichagua mwenyewe, tai ulichagua mwenyewe, na ukitaka soksi za njano ilikuwa shauri yako na mkeo. Sasa mmefanana wote kuanzia mapokezi hadi stoo, na kifuani mmebeba tangazo la watu ambao hawawalipi kwa kulitembeza. Tena jaribu kupita baa jioni ukiwa umeivaa, uone kama kesho yake utawala hawakukuita kujieleza.

Halafu tazama mwenyewe ni nani wanaovaa suti siku hizi. Hapa Dar ukikutana na mwanaume kavaa suti kamili saa saba mchana, hesabu: ni wakili, ni mhubiri, ni MC anayewahi ukumbini, ni muuza bima, ni mlinzi wa mheshimiwa, au ni kijana aliyemaliza chuo anayekwenda kwenye usaili na bahasha yake ya kaki. Ongeza bwana harusi. Ongeza marehemu. Wenye makampuni hawamo. Wao wako kwenye viyoyozi na fulana za shingo ya mviringo, na suruali zimeishia juu ya kifundo cha mguu. Suti imehama ngazi, Shija. Tulipokuwa wadogo ilikuwa nguo ya bosi, leo ni nguo ya mtu anayeomba: kazi, wateja, kura, mke, roho za watu. Hata huyo marehemu nadhani anaomba kupokewa vizuri aendako.

Na wakubwa wenyewe wanalijua hilo, ndiyo maana zamu ya kuomba ikiwafikia wanakimbilia kabatini. Mark Zuckerberg alitajirika akiwa na tisheti ya kijivu, lakini Aprili 2018, maseneta wa Marekani walipomwita kujieleza kuhusu taarifa za watu zilizovuja Facebook, alikwenda na suti ya bluu iliyokolea na tai. Rais Zelensky wa Ukraine naye aliacha suti tangu Urusi ilipoivamia nchi yake kwa nguvu zote Februari 2022. Februari mwaka huu akiwa Ikulu ya Marekani, mwandishi mmoja akamuuliza mbele ya kamera kwa nini havai suti. Mwezi uliopita amerudi pale pale, na safari hii kavaa koti jeusi, ingawa tai hakufunga. Simlaumu, ana nchi ya kuombea.

Ninachokuambia ndicho hicho. Mwenye jina anaingia popote na kandambili, kwa sababu jina lilishatangulia kubisha hodi. Majina yetu mimi na wewe hayajulikani hata na mjumbe wa mtaa wa pili. Huyo meneja wenu wa raba nyeupe akienda benki kuomba mkopo wa kampuni, simu imeshapigwa kabla hajafika. Wewe ukienda na tisheti ya chungwa, utaulizwa umeleta mzigo gani.

Kazi yangu unaijua. Mkaguzi wa hesabu anaishi kwa kuwaomba watu asiowafahamu wamfungulie makabati yao. Ukifika wilayani na fulana, mtunza stoo anakwambia mwenye ufunguo ametoka, jaribu kesho. Ukifika na suti, ufunguo unapatikana, japo anautoa kwa uso wa mtu anayeng'olewa jino. Sisemi ni haki, nasema ndivyo ilivyo, na mimi siku ya kurudi Dar ninayo na tiketi nimeshakata.

Lakini kuna jambo jingine ambalo vijana wa ofisini kwetu hawalioni, na hili ndilo linalonifanya niipende. Suti ina hatua. Unaingia koti limefungwa kifungo cha juu, cha chini hakifungwi kamwe, na kila mtu anajua tumekuja rasmi. Ukikaribishwa kiti, unafungua kifungo: haya, tuzungumze. Baada ya nusu saa, mhasibu akiwa bado anatetemeka na faili la risiti, unavua koti, unalitundika kwenye mgongo wa kiti, unakunja mikono ya shati mara mbili. Hujasema neno, lakini umemwambia kwamba hapa tupo mpaka jioni na wewe utakuwa mmoja wetu. Nimeona watu wakishusha pumzi kwa hilo tu, na chai ikaagizwa. Jioni hesabu zikikubali, unalegeza tai, mnacheka. Siku mambo yakiwa mabaya, unavaa koti lako polepole kabla hujafungua mdomo, na wanajua. Sasa niambie, mwenye tisheti atavua nini?

Usinijibu kwamba suti ni ya Mzungu. Hilo nimelisikia sana, na lina ukweli wake, ila wazee wetu walilijibu zamani tena kwa cherehani. Mwalimu alikuwa na suti zake za ukosi mfupi usiohitaji tai, zile zilizoitwa Chou En-lai kwa jina la waziri mkuu wa China. Kaunda wa Zambia alikuwa na yake, ambayo nusu ya wazee wa Tabora walistaafu nayo: mikono mifupi, mifuko minne, kitambaa kimoja juu na chini. Ile haikuwa kujiachia. Yule mzee alikuwa amenyoosha mistari ya suruali hadi unaweza kukatia mkate, na kalamu mbili mfukoni. Ndiyo maana Novemba 2023 Spika wa Kenya, Moses Wetang'ula, alipopiga marufuku suti za Kaunda bungeni na kudai koti, tai, shati la mikono mirefu na soksi, mimi nilikuwa upande wa Kaunda. Rais wao Ruto mwenyewe anazivaa mara kwa mara na zinamkaa vizuri kuliko wengi wenye tai.

Ila ukitaka kuona kwamba nguo hii haina upande mmoja, vuka Ziwa Tanganyika uwaulize Wakongo. Rais wao Mobutu alipiga marufuku suti na tai miaka ya 1970, akataka kila mwanaume Zaire avae abacost, koti la ukosi uliofungwa. Kwa hiyo kule kwetu kuvua tai kulikuwa uhuru, kwao kuivaa ndio ulikuwa ukaidi. Na tarehe 24 Aprili 1990, aliposimama kutangaza mwisho wa chama kimoja, katika hotuba hiyohiyo aliwaruhusu wananchi kuvaa tai tena. Vyama vingi na tai vilikuja siku moja. Ukimwona Mkongo amevaa koti la rangi tatu Kinshasa kwenye jua kali, usimcheke.

Sasa tuje kwenye mali yenyewe, maana najua unakoenda: "suti ni gharama." Si hivyo tena, kaka. Huko zilikotoka zinatupwa. Waingereza wana kapu la bidhaa wanalotumia kupima mfumuko wa bei (sisi wahasibu ndiyo simulizi zetu za kulala hizi), na mwaka 2022 idara yao ya takwimu iliondoa suti ya wanaume kwenye kapu hilo, ikaweka koti peke yake, kwa kuwa watu wanaozinunua wamepungua. Kabati la mstaafu wa kule linapofunguliwa, mzigo unaishia kwenye robota, na robota linaishia soko la mitumba la Karume. Vijana wanagombania raba na jinzi, makoti yanabaki yananing'inia nyuma na vumbi. Koti la sufu safi unaweza kulipata kwa bei ndogo kuliko raba iliyochakaa kisigino.

Juzi nimeokota moja la kijivu cha moshi. Nilipoingiza mkono mfuko wa ndani nikakuta kibandiko cha fundi wa London, jina la mwenyewe limeandikwa kwa kalamu, na mwaka 1987. Mafundi wakubwa wa kule ndivyo wanavyofanya, wanamwandika mteja ndani ya koti lake. Bitana ilikuwa imechanika kwapani, kifungo kimoja hakipo, basi. Muuzaji hakujua ameshika nini, na mimi nilinuna vizuri ili asijue.

Nikalipeleka kwa fundi wangu pale Ilala, yule mzee wa Kigoma mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alilishika, akaligeuza ndani nje, akaninyamazia kwa muda. Kisha akanionyesha namna ya kulipima koti, na wewe leo ukifika nyumbani uzipime zako hivihivi. Shika kitambaa cha kifuani, chini ya tundu la kifungo, kwa vidole viwili mbele na viwili nyuma, kisha vuta taratibu kama unayeachanisha kurasa za kitabu. Ukisikia tabaka la tatu linateleza katikati, hilo ni koti lililoshonwa. Ndani mna kitambaa kilichofumwa na singa za farasi, kimeshikizwa kwa mkono, na kila unavyolivaa linajifunza kifua chako. Usipolisikia, limebandikwa kwa gundi na pasi, na siku dobi akilichovya kwenye maji litatoa malengelenge kifuani. Hilo la gundi mpe shemeji yako leo hii, wala sina neno.

Halafu mabega. Kiuno kinapunguzwa, mikono inafupishwa, suruali inakatwa na kuongezwa, lakini bega likikuzidi, fundi mwaminifu anakurudishia koti. Shemeji yako ni mwembamba, Shija. Akivaa koti lako ataonekana ametundikiwa.

Joto nalo unalijua wewe wa Mwanza nusunusu tu, ninyi mna upepo wa ziwa. Huku Februari jasho linaanza ukiwa bado bafuni. Lakini tatizo kubwa si suti, ni poliesta, ambayo haipitishi pumzi. Tafuta sufu nyepesi iliyofumwa kwa mwanya, unayoweza kuiinua kwenye dirisha ukauona mwanga upande wa pili, na umwambie fundi aitoe bitana mgongoni aache ya mabegani na mikononi peke yake. Mimi napanda nayo basi la mwendokasi kila siku. Kero yake ni watu tu. Kuna mama aliniambia, "Mchungaji, hebu sogea kidogo," na nilipokaribia kushuka akaniomba nimwombee mwanawe anayefanya mtihani. Nilimwombea. Ningefanya nini, na nimevaa vile?

Kuhusu huyo meneja wako, usishindane naye. Jumatatu hadi Alhamisi vaa hiyo tisheti ya chungwa kama wenzako, usije ukaonekana mpinzani kwa ajili ya nguo. Ila siku ukienda nje ya ofisi, kwa mteja, mahakamani, ofisi za kodi za TRA, shuleni kwa watoto, vaa koti. Hata bila tai. Koti la bluu na suruali ya kijivu halimtishi mtu. Na zile zenye bega lako sawasawa uzitundike kwenye henga nene, siyo zile za waya za dobi, uziweke mbali na nondo, yule mdudu wa kabatini.

Nitakuja huko Desemba kwa ajili ya ubarikio wa mtoto wa kaka. Nitalala kwako, hotelini siendi. Mwambie shemeji asihangaike na kuku, mimi nataka sato wa kuchoma na ugali wa muhogo. Kulwa na Dotto wasalimie sana; nimesikia Dotto amepata nafasi ya kidato cha tano, vitabu vyake nitakuja navyo, anitumie orodha mapema.

Nikifika nitaomba tulifungue hilo kabati pamoja, na futi ya kupimia nitakuja nayo.

Ndugu yako,
Elia