Barua kwa Mwalimu kuhusu ndege ya Langley

Virginia, Marekani

Ndugu yangu Mwalimu,

Salamu nyingi zikufikie wewe, mama watoto na wanafunzi wako wote. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Mama Mdogo anaendelea vizuri na magoti yake yamempa nafuu. Mzee wa Kihonda mwambie kwamba mzigo wake umefika salama.

Nimelazimika kukuandikia upesi kwa sababu ya ile rasimu ya makala unayokusudia kuichapisha katika jarida la klabu ya sayansi. Nimeisoma yote kwa furaha, isipokuwa aya inayomhusu Samuel Langley, Mmarekani aliyejaribu kuunda ndege ya kubeba mtu mwaka 1903, ambamo umeeleza kwamba ndege yake ilitumbukia mtoni kwa sababu injini ilikuwa dhaifu, na kwamba yeye alikuwa mzee mwenye fedha nyingi asiyejua alichokuwa akikifanya. Nakusihi sana, usiichapishe aya hiyo jinsi ilivyo. Ndege yenyewe ipo huku Virginia, katika jumba la makumbusho la Udvar-Hazy, na kila ninapopata mgeni anayependa mambo ya ufundi humpeleka kuiona, kwa hiyo jambo hili liko karibu na moyo wangu.

Kwanza injini. Hiyo ndiyo sehemu ya ndege ile iliyofanikiwa kuliko zote. Kazi ya kuitengeneza alipewa fundi wa New York aitwaye Stephen Balzer, naye aliposhindwa kufikia nguvu iliyotakiwa, msaidizi wa Langley, Charles Manly, aliichukua akaisuka upya: silinda tano zilizopangwa kuuzunguka mhimili mmoja kwa umbo la nyota, zikipozwa kwa maji. Ilitoa nguvu farasi 52. Injini ya ndege ya ndugu wawili, Wilbur na Orville Wright, ile iliyoruka kweli Desemba 1903, ilitoa kama 12 tu. Mwanafunzi akizilinganisha namba hizo mbili ataona mwenyewe kwamba sababu ya kuanguka haikuwa upungufu wa nguvu.

Pili, huyo unayemwita asiyejua alikuwa mtaalamu wa elimu ya anga na nyota, na tangu 1887 alikuwa Katibu, yaani mkuu, wa Taasisi ya Smithsonian, taasisi ya sayansi na makumbusho huko Washington. Tarehe 6 Mei 1896 modeli yake namba 5, iliyoendeshwa kwa mvuke bila rubani, iliruka juu ya mto Potomac kiasi cha mita 1,000, na Alexander Graham Bell, yule mvumbuzi wa simu, alikuwapo akaipiga picha. Vita na Hispania vilipozuka 1898, jeshi la Marekani lilimpa dola 50,000 ili aunde ndege ya kubeba mtu. Hata modeli ya robo ya ukubwa huo, yenye injini ya petroli, iliruka mwaka 1901.

Hapo ndipo penye somo lenyewe, nami ningependa ulitumie darasani. Ukiikuza modeli mara nne kwa urefu, eneo la mbawa linaongezeka mara 16, lakini uzito, kama kila kitu kitakuzwa sawasawa, unaongezeka mara 64. Mjenzi analazimika kupunguza mbao na vyuma hadi ndege iwe nyepesi, na papo hapo inapoteza uimara. Ukiitazama kwa karibu utaona mbawa nne, mbili mbele na mbili nyuma, upana wake mita 14.8, mbavu zake nyembamba zimevishwa kitambaa na kushikiliwa kwa nyaya, na katikati kipo kijisehemu kidogo cha kukaa Manly, aliyekuwa rubani, chini ya mabomba ya chuma ya kiunzi. Magurudumu hayapo. Ilirushwa kwa manati kutoka juu ya paa la nyumba ielayo, nayo ilitarajiwa kutua majini, huku rubani akiwa ndiye wa kwanza kuyafikia maji hayo.

Tarehe 7 Oktoba 1903 ilitumbukia mara tu ilipoachiwa. Tarehe 8 Desemba ilivunjika upande wa nyuma ikiwa bado inaondoka, na Manly akanusurika kufa chini yake katika maji ya baridi kali. Langley aliilaumu manati, lakini mimi nakubaliana na wanaosema kwamba mbawa zilikuwa dhaifu mno. Tena Manly hakuwa amewahi kuruka hata kidogo, ilhali akina Wright walikuwa wamekwisha kuruka mamia ya mara kwa ndege za kunyiririka zisizo na injini, wakijifunza kuisawazisha ndege ikiinamia upande. Siku tisa baadaye wakaruka.

Naona upo mtego mwingine pia. Mwaka 1914 Glenn Curtiss, mtengenezaji wa ndege aliyekuwa na kesi ya hataza (haki ya uvumbuzi) na akina Wright, aliifanyia ndege ya Langley marekebisho mengi, akairusha kidogo huko Hammondsport, na Smithsonian ikatangaza kwamba hiyo ndiyo ndege ya kwanza iliyoweza kubeba mtu. Hilo halikuwa haki. Orville alichukizwa hata akaipeleka ndege yao ya 1903 London mwaka 1928, na haikurejea hadi 1948, mwaka aliofariki, ingawa Smithsonian ilikuwa imekiri marekebisho hayo kwa maandishi mwaka 1942. Wanafunzi wako wakikutana na madai ya 1914 wasiyabebe kama yalivyo. Langley mwenyewe alikwisha kufariki 1906, na sioni sababu ya kumlaumu kwa hilo.

Je, jarida limekwisha kwenda kwa mchapaji, au bado tuna nafasi ya kuiandika upya aya hiyo? Ni nani kati ya wanafunzi wako angeweza kuandika habari za Manly peke yake? Je, mnaweza kuunda modeli mbili za mianzi na karatasi, moja ikiwa na urefu mara mbili ya nyingine, mkazipima uzito? Na shemeji, amekwisha kupata uhamisho? Nijibu mapema, nami nitakutumia picha za mbavu na nyaya nilizozipiga mwenyewe.

Ni mimi rafikiyo wa siku zote.