Idi Mubarak, na tuwasitiri watoto

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mwezi umeandama. Kwenu jamaa, majirani, walimu wa madrasa na nyinyi vijana mliokuwa mkila daku macho hayajafunguka: Idi Mubarak, taqabbalallahu minna waminkum. Zakatulfitri kama bado imo ndani, itoke kabla ya sala ya Idi. Ikichelewa inakuwa sadaka tu.

Ramadhani hii, baada ya Alasiri, nilikuwa na Ihyaa, kitabu cha Imamu Ghazali, mwanachuoni aliyefariki Tus, Uajemi, mwaka 1111, pale anapozungumzia malezi ya watoto. Wengi tunamjua kwa ukali wake juu ya nafsi, lakini hapa ni mpole ajabu. Mtoto ni amana kwa wazazi wake, anasema, na moyo wake ni johari safi isiyochorwa kitu. Kisha anashuka mpaka kwenye sinia: apige bismillahi, ale kwa mkono wa kulia, asiwatangulie wenzake, asiwakodolee macho walaji, asijipake mchuzi nguoni. Akitoka madrasa aachwe acheze, kwani kumnyima michezo na kumbana na masomo muda wote kunaua moyo wake. (Wenye tuisheni za likizo, mmesikia.)

Pale niliposoma na kurudia ni hapa. Mtoto akiteleza mara moja, hasa akiwa mwenyewe anajitahidi kulificha kosa lake, mzazi ajifanye hakuona. Ukimfichua, huenda akapata ujasiri, asijali tena kujulikana. Akirudia, aonywe faraghani. Wala asikaripiwe kila saa, maneno yakaja yasimwingie tena.

Sisi tuna simu. Kijana kakutwa anakula mchana wa Ramadhani, hata hajamaliza kutafuna, video imeshafika kwenye makundi ya WhatsApp, na wanaoisambaza ni watu wazima wenye kofia za vito. Halafu tunaulizana vijana wa leo haya imewatoka wapi. Tumewavua sisi, hadharani.

Kwa hiyo mkono wa Idi wapeni kama kawaida, wakapande bembea. Ila mwenye video ya mtoto wa mwenzake aifute kabla hajanawa mikono kwa ajili ya pilau. Nawe kijana, ile ya rafiki yako unayomtishia nayo, futa.

Na wale watakaofunga sita za Shawali, karibuni nyumbani, tambi na kahawa havitakosekana.