Barua ya wazi kwa Waziri wa Michezo: Shamba la Bibi litunziwe historia yake

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kwa heshima kuhusu Uwanja wa Uhuru, ambao sisi watu wa Temeke tunauita Shamba la Bibi. Tangu jirani yake, Uwanja wa Benjamin Mkapa, uanze kutumika mwaka 2007 na viti vyake 60,000, mechi kubwa zimehamia huko. Sina ugomvi na hilo. Ninachohofia ni kijana kuingia Shamba la Bibi, kushangilia dakika 90 na kutoka bila kujua amekaa mahali gani.

Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, bendera ya Uingereza ilishushwa hapo na ya Tanganyika ikapandishwa. Oktoba 1999 wananchi walipanga foleni hapo hapo kumuaga Mwalimu. Kikwete aliapishwa hapo mwaka 2005, Magufuli mwaka 2015.

Na mpira je? Novemba 1993 Simba walirudi kutoka Abidjan na suluhu dhidi ya Stella ya Ivory Coast katika mechi ya kwanza ya fainali, nchi nzima ikalihesabu Kombe la CAF kuwa limeshafika nyumbani. Marudiano yakachezwa Shamba la Bibi, Rais Mwinyi akiwepo jukwaani. Stella wakashinda 2-0. Wazee wa vijiweni bado wanaisimulia mechi ile kama ya jana, bao kwa bao, lakini wazee hao wanapungua kila mwaka na simulizi zao hazimo zote kwenye gazeti la zamani.

Kisha kuna Machi 21, 2021. Watu 45 walipoteza maisha kwenye msongamano, wakiwa wamekwenda kumuaga Rais Magufuli. Walikuwemo watoto. Hawa, Mheshimiwa, wasiachwe wakawa takwimu tu ya taarifa ya polisi.

Naomba itengwe sehemu ndani ya uwanja iwe ya kumbukumbu: picha, jezi, tiketi za zamani, na sauti za waliocheza na waliotazama, zirekodiwe sasa wakiwa hai. Majina ya wale 45 yaandikwe ukutani, familia zao zikiridhia. Shule zipewe siku za kutembelea bila kiingilio. Na kwa kuwa nchi inajiandaa kwa AFCON ya 2027 pamoja na Kenya na Uganda, viwanja vyetu vikitengewa fedha za ukarabati, kazi hii iingizwe humo mapema, kabla mafundi hawajang'oa vya zamani na kuvitupa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mpenzi wa soka, Temeke