Shukrani kwa muuguzi nisiyemjua jina

Kwa miezi saba mwili wangu ulikuwa ukitetema kwa ndani, hasa alfajiri nikiwa nimelala chali, mfano wa simu inayonguruma chini ya mto, ilhali mikono yangu, hata nilipoinyoosha mbele ya daktari, ilikuwa imetulia tuli. Wewe, dada muuguzi uliyeketi nami kwenye benchi la maabara, hukuniambia kuwa ni mawazo tu (neno nililokwisha kulichoka), bali ulinieleza kwamba mtetemo wa aina hiyo huwapata pia baadhi ya wenye maradhi ya Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaovuruga mwendo wa mwili), na kwamba wasiwasi au homoni nyingi za tezi ya shingo huweza kumtetemesha mtu. Vipimo havikuonyesha kitu. Mtetemo ungalipo, lakini sasa napata usingizi. Asante sana, dada yangu.