Barua ya wazi kwa maafisa wanaofungua vituo vya ubunifu

Wanangu mlio wizarani na katika kaunti,

Nawaandikia nikiwa na hasira, na sitaificha.

Mwezi uliopita nilialikwa kwenye ufunguzi wa kituo cha ubunifu, mahali pa vijana kuanzishia kampuni za teknolojia. Hema jeupe, utepe, kompyuta ambazo hazijatolewa plastiki. Mbele mkamkalisha binti ninayemjua tangu akiwa darasa la nne, awe mfano kwa wenzake. Binti huyo na wenzake wawili waliitengenezea ofisi iliyofungua kituo hicho programu ya kusoma mita na kutoza bili za maji. Kazi ikapokelewa, ikasifiwa, na inatumika hadi leo. Hajalipwa. Kwa miezi 14 amepanda ngazi zenu: leo mhasibu yuko semina, kesho faili iko ghorofa ya juu, keshokutwa mwaka wa fedha umefungwa. Wenzake wamemwacha, mmoja sasa anauza bima. Mlipompigia makofi alitabasamu kwa adabu aliyofunzwa na mamake. Mimi niliinamisha kichwa.

Sipingi majengo. Nimefanya kazi kwenye mitambo ya simu zaidi ya miaka 30, na mwaka 2009 nyaya za intaneti za baharini, TEAMS na SEACOM, zilipofika Mombasa nilifurahi kama mtoto. Bila nyaya hizo tungekuwa tunazungumza nini leo? Lakini jengo halinunui kitu. Kampuni changa hulishwa na mteja anayelipa.

Mnapenda kuitaja Silicon Valley, kitovu cha teknolojia cha Marekani, basi isimulieni yote. Saketi unganishi, yaani chipu za kompyuta, zilipoanza kuuzwa mapema miaka ya 1960, bei yake ilikuwa ya kutisha. Serikali ya Marekani ndiyo iliyozinunua kwa wingi, kwa kompyuta za Apollo, safari za mwezini, na makombora ya Minuteman. Kwa fedha hizo viwanda kama Fairchild vikajifunza kuzitengeneza vizuri, na bei ikashuka hadi mtu wa kawaida akaimudu. Israel nayo mwaka 1993 ilitenga dola milioni 100 kupitia Yozma, mfuko wake wa kukuza kampuni changa, ikaziweka pamoja na fedha za wawekezaji binafsi, kisha ikawaruhusu wawekezaji hao kuinunua sehemu ya serikali. Chile mwaka 2010 ilianza kuwapa wageni dola 40,000 waje Santiago na mawazo yao. Wengi muda wao ulipokwisha walifunga mabegi.

Na hapa kwetu? M-Pesa ilianza 2007. Ilijaribiwa kwanza kwa kulipia mikopo midogo, wananchi wakaigeuza kuwa njia ya kutuma pesa nyumbani, na Benki Kuu ikaiacha iendelee huku ikiitazama kwa makini. Kituo cha ubunifu cha iHub kilipofunguliwa Nairobi mwaka 2010, mama mboga alikuwa tayari analipwa kwa simu. Soko lilitangulia.

Tangu 2013 tumewatengea vijana, wanawake na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya zabuni za serikali. Naisifu nia hiyo kwa moyo wote. Ila kijana aliyepewa zabuni bila malipo amechimbiwa shimo. Amekopa ili aifanye kazi yenu! Hati ya shamba la mamake iko benki, riba haisubiri semina ya mhasibu, na akilalamika anaambiwa hatapewa kazi nyingine. Hiyo ni dhuluma, wanangu. Mtume alituusia mfanyakazi alipwe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na Biblia inasema vivyo hivyo kuhusu kibarua na jua kutua. Nani kati yenu hajasikia maneno hayo tangu utotoni?

Nasi wazazi tuna lawama. Mtoto akifungua kampuni, jamaa wa kwanza kuja anataka kazi ya bure kwa sababu ni mjomba. Kisha tunamuuliza lini atapata kazi ya maana.

Mengine mnayajua: umeme usiokatika, kodi zisizogeuzwa kila Juni, leseni isiyohitaji kujuana na mtu, waalimu wa vyuo wanaolipwa vizuri.

Nawapenda, na wengine wenu niliwapakata. Ankara ya binti yule ina mhuri wenu wa kupokelewa na iko kwenye dawati la mhasibu. Ilipeni wiki hii, kabla hamjakata utepe mwingine.

Ni mimi baba yenu,
Fundi mstaafu wa mitambo ya simu